Maumivu ya neva baada ya upasuaji wa mgongo: miezi 13 nilitibu maumivu yasiyo yenyewe

Mwalimu wa Ujiji

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Naandika nikiwa Ujiji, mkoani Kigoma, na nianze kwa kusema kwamba mimi si daktari bali ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi Juni 2021, nikiwa na umri wa miaka 46, nilifanyiwa upasuaji wa mgongo jijini Dar es Salaam ili kuondoa kipande cha diski, yaani ule mto laini ulio katikati ya pingili, kilichokuwa kimetokeza kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno na kukandamiza mzizi wa neva unaoshuka mguu wa kushoto. Kwenda huko nilipanda treni, kwa sababu kwenye kiti cha basi sikuweza kukaa hata nusu saa. Nililala ubavu kwenye kitanda cha daraja la pili karibu njia nzima, kilomita zipatazo 1,250, na kila behewa lilipotikisika nilishika chuma cha kitanda na kumwomba Mungu.

Upasuaji ulikwenda salama. Kidonda kilifunga, mguu uliokuwa umeanza kulegea ulipata nguvu, na siku ya tano nilitembea korido nzima bila kushikwa mkono. Kilichobaki ni moto. Kuanzia nje ya ugoko hadi upande wa juu wa mguu, pale kamba za kandambili zinapopita, na kuishia kwenye kidole gumba, palikuwa pakiwaka kama pamemwagikiwa uji wa moto. Mara kwa mara mchomo kama shoti ya umeme ulishuka kutoka kwenye kalio na kunifanya niruke mbele ya wanafunzi. Cha ajabu zaidi, kidole chenyewe kilikuwa na ganzi: nikikifinya sisikii, lakini shuka likikigusa usiku nalia. Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata pande mbili, nikaliweka kitandani kama kibanda juu ya miguu ili shuka na chandarua vilale juu yake visiniguse. Nililala na boksi hilo karibu mwaka mzima.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ndani ya mwaka mmoja nimekutana na watu watatu hapa Kigoma waliopasuliwa mgongo, wanaoungua miguu kama nilivyoungua, na wanaodungwa sindano zilezile nilizodungwa mimi. Kwa miezi 13 nilikwenda zahanati moja, ambayo sitaitaja, na kila nilipozidiwa nilipewa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, na vidonge vyake vya kwenda navyo nyumbani. Hakuna aliyeniuliza maumivu yenyewe yakoje; waliniuliza tu yako wapi. Nafuu ilikuwa ya saa chache, na kwa kweli sijui hata kama ilitokana na dawa au na uchovu wa kulia. Machi 2022 nilianza kupata choo cheusi kama lami. Ilikuwa damu inayovuja tumboni, kwa sababu dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu huchubua utando wa tumbo na kuumiza figo. Nililazwa siku nne kwa ajili ya tumbo, na mguu uliendelea kuwaka vilevile.

Julai mwaka huohuo, daktari mmoja kijana hapa mkoani alifanya jambo dogo ambalo lilibadilisha kila kitu. Alichukua kipande cha pamba, akakivuta taratibu juu ya mguu wangu wa kulia, kisha wa kushoto. Mguu wa kulia nilisikia pamba. Wa kushoto nilisikia kama amenipitishia kiwembe, nikamshika mkono. Akachukua kijiti cha meno, akanidonoa kidole gumba, nikamwambia sisikii ncha. Kisha akaniuliza maswali: je, panawaka? Pana ubaridi unaouma? Kuna shoti? Kuna kutekenya kama siafu wanatambaa, kuchomachoma kama sindano, ganzi, muwasho? Baadaye nilijifunza kwamba ni orodha yenye vipengele 10, ambapo saba ni vya maswali na vitatu ni vya kupima kwa kugusa, na mgonjwa akipata vinne au zaidi kuna uwezekano mkubwa kwamba maumivu yake ni ya neva. Mimi nilipata vinane. Daktari akasema, "Mwalimu, hapa hatutibu mgongo wala msuli. Neva yenyewe ndiyo iliyojeruhiwa, na haisikii dawa hizo ulizokuwa unapewa."

Hilo ndilo ninalotaka kila aliyepasuliwa mgongo alijue. Maumivu ya kidonda, ya msuli au ya kiungo kilichovimba ni taarifa inayopelekwa na neva nzima kutoka mahali palipoumia. Maumivu ya neva ni neva yenyewe inayopiga kelele bila kutumwa, ndiyo maana mguu wangu uliwaka wakati mguuni hapakuwa na jeraha lolote. Paracetamol, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu yanayotokana na uvimbe au jeraha. Kwenye neva inayojipigia kelele hazina kikubwa cha kuzima.

Nitaendelea baadaye kuhusu dawa na maisha ya nyumbani. Wenye maswali waulize.

Dereva wa Nyakanazi

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Mimi naendesha lori kati ya Kigoma na Kahama. Nilipasuliwa mwaka juzi, pingili ya tano ya kiuno na ile ya kwanza ya chini yake, na hadi sasa kisigino na kidole kidogo cha mguu wa kulia vinawaka. Swali langu ni moja: kama neva ilikuwa imebanwa, na daktari akaondoa kilichoibana, kwa nini bado inauma? Mke wangu anaamini walikosea, na mimi nimeanza kuamini hivyo. Kuna mtu ameniambia nirudi nikapasuliwe tena.

Mwalimu wa Ujiji

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ndilo nililomuuliza daktari, na alinijibu kwa mfano wa mpira wa maji wa bustani uliokanyagwa na gari kwa miezi mingi. Ukiliondoa gari, maji yanaweza kurudi, lakini mpira wenyewe umeshaharibika kwa ndani. Mimi nilianza kuumwa mwanzoni mwa 2020 na nilipasuliwa baada ya miezi kama 16, kwa hiyo mzizi wa neva ulikuwa umebanwa na kukosa damu ya kutosha muda wote huo. Upasuaji unaondoa kinachobana. Hauishoni neva upya.

Neva hujirekebisha, ila polepole mno: nyuzi zake hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu kwa mwezi. Pima kwa utepe wa fundi cherehani kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino chako, uone ni sentimita ngapi, kisha ugawanye kwa tatu. Mimi nilipofanya hesabu hiyo nilipata karibu miaka mitatu. Nililia siku ile, lakini pia niliacha kujilaumu kwamba mwezi wa nane sijapona. Na sehemu nyingine ya neva inaweza isirudi kabisa. Hilo nalo niliambiwa waziwazi.

Sababu nyingine zipo, na ndizo zinazopaswa kuchunguzwa kabla ya mtu kusema "neva tu". Kovu linaloota ndani linaweza kuizunguka neva na kuishika isiteleze mtu anapoinama. Diski ileile inaweza kutokeza tena. Pingili ya jirani inaweza kuanza kubana. Mfereji wa neva unaweza kuwa bado mwembamba. Kuna pia hali ya uti wa mgongo na ubongo kuzoea kupokea maumivu hadi sauti ya kawaida inasikika kama mlio wa king'ora. Kwa miaka mingi madaktari waliiita hali hii "upasuaji wa mgongo ulioshindwa", jina lililowafanya wagonjwa wengi waamini kwamba mtu fulani alikosea. Sasa wataalamu wa maumivu wanatumia jina lenye maana ya maumivu ya mgongo yanayoendelea. Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 10 na 40 ya wanaopasuliwa kiuno. Kwa hiyo, mdogo wangu, inawezekana kabisa daktari wako alifanya kazi yake vizuri na bado ukaungua.

Kuhusu kupasuliwa tena, sikushauri ukubali wala ukatae kwa maneno ya mtu wa kijiweni. Uliza kwanza kama kuna kitu kinachobana sasa hivi. Kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kinachopigwa pamoja na dawa ya kuangazia inayodungwa kwenye mshipa wa damu huweza kutenganisha kovu na diski mpya, kwa sababu kovu huipokea dawa hiyo na diski haiipokei vivyo hivyo. Kama ni diski mpya na mguu unapoteza nguvu, upasuaji una hoja. Kama ni kovu peke yake, kulikata mara nyingi huzaa kovu jingine, na kwa ujumla kila upasuaji unaorudiwa una nafasi ndogo ya kufanikiwa kuliko uliotangulia. Na usiogope kila neno lililoandikwa kwenye majibu ya picha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya watu wenye miaka 20 wasioumwa mgongo hata kidogo, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha isomwe na daktari aliyekupima mguu kwa mkono wake.

Mama Wawili, Gungu

Dada mwalimu, pole sana, na nimesoma kila neno. Mimi nimepewa dawa inayoitwa amitriptilini. Nilipofika duka la dawa, binti aliyekuwa anatoa dawa aliniangalia akasema hii ni ya wagonjwa wa akili. Nilirudi nyumbani nikaificha kabatini, na hadi leo sijaimeza. Wifi yangu alishaanza kusema maumivu ya kidole kisicho na jeraha ni ya kichwani, sasa akiiona hiyo dawa itakuwaje?

Mwalimu wa Ujiji

Mdogo wangu wa Gungu, hata mimi niliambiwa maneno hayohayo, na niliiacha wiki mbili. Ni kweli kwamba amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona, na kwa ugonjwa huo hutolewa kwa dozi kubwa zaidi. Lakini kwa miongo mingi imetumika kwa maumivu ya neva kwa dozi ndogo, kwa sababu inaongeza nguvu za kemikali ambazo ubongo huzitumia kuteremsha sauti ya maumivu kwenye uti wa mgongo. Inafanya hivyo hata kwa mtu ambaye hana sonona kabisa. Mimi nilianza na miligramu 10 usiku, baada ya wiki mbili 25, na nimebaki hapo. Wiki ya kwanza mdomo ulikauka kama nimekula ukwaju mbichi, na asubuhi nilikuwa mzito darasani. Wiki ya tatu uzito ulipungua, na mwishoni mwa wiki ya nne nililala saa sita mfululizo kwa mara ya kwanza tangu 2020. Niliamka nikidhani nimechelewa kazini.

Mwambie daktari kama una tatizo la moyo, presha ya macho, au, kwa wanaume, tezi dume iliyovimba, kwa sababu dawa hii inaweza kuzuia mkojo na kuvuruga mapigo ya moyo. Na mfungie wifi mdomo kwa kumweleza pamba. Mwambie aivute mwenyewe juu ya mguu wako mmoja, kisha wa pili, akuangalie uso.

Kuna pia gabapentini na pregabalini, dawa nyingine mbili zinazotolewa kwa maumivu ya neva; hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kifafa na hutuliza neva inayorusha umeme ovyo. Huanzwa kidogo na kupandishwa polepole, mwenye matatizo ya figo hupunguziwa dozi, na haziachwi ghafla. Mwanzoni zinaleta usingizi na kizunguzungu, na ni hatari kuzichanganya na pombe au dawa za jamii ya afyuni kama mofini, kwani pumzi inaweza kushuka. Duloksetini ni nyingine inayotajwa katika kundi la dawa za kujaribiwa kwanza kwa maumivu ya neva. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ya jamii hiyo ya afyuni, si ya kununua kienyeji, na hasa isimezwe juu ya amitriptilini bila daktari kujua, maana zikikutana zinaweza kuleta degedege.

Nawaomba mpime matarajio yenu vizuri, kwa sababu mimi nilidhani nitapona. Mapitio makubwa ya tafiti ya 2015 yalikadiria kwamba kwa dawa za kundi la amitriptilini inabidi watibiwe watu kama wanne ili mmoja wao apate nafuu ya angalau nusu ambayo hangeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa gabapentini ni kama sita. Dawa moja ikishindwa baada ya kupewa dozi ya kutosha kwa wiki sita hadi nane, hiyo haimaanishi kwamba unaigiza. Inabadilishwa. Kwangu, maumivu yalitoka nane katika kumi yakafika nne, na nne ninaiweza.

Neno kuhusu vitamini B, maana hapa kwetu kila mtu mwenye ganzi hupewa. Kama umepungukiwa B12, inasaidia sana. Lakini B6 ikizidi na kutumika muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi na moto uleule unaoukimbia. Nimemwona mtu anayemeza aina tatu tofauti zenye B6 zote kwa pamoja, akiamini anajenga neva.

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba

Mwalimu, hongera kwa maelezo sahihi. Nafanya kazi ya mazoezi tiba katika kanda hii ya magharibi, na naomba kuongeza mambo ambayo dawa peke yake haiyafikii.

La kwanza ni ngozi. Mguu unaoogopa kuguswa, usipoguswa, huzidi kuogopa. Tunamwanzisha mgonjwa na kitu laini anachokiweza, kama pamba au khanga iliyofuliwa mara nyingi, anajisugua taratibu kuanzia mahali pasipouma kuelekea panapouma, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Baada ya wiki kadhaa anahamia taulo, kisha brashi laini. Kuna msingi wa kisayansi: mwaka 1965, watafiti Melzack na Wall walieleza kwamba taarifa za mguso na za maumivu hupita kwenye lango moja katika uti wa mgongo, na mguso wa kawaida unaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi. Ndiyo sababu mtoto akijigonga husugua mahali alipojigonga.

La pili ni mwendo. Wagonjwa wangu wengi wana siku nzuri wanayofua nguo za familia nzima, na siku tatu za kulala zinazoifuata. Nawaambia wapime kwa siku kadhaa umbali wanaoweza kutembea bila kulipia kesho yake, watafute wastani, wapunguze moja ya tano, na huo uwe mwendo wa kila siku, iwe siku nzuri au mbaya, kisha waongeze kidogo kila wiki. Mgonjwa asiseme "leo najisikia vizuri, ngoja nimalizie". Hapo ndipo anapoharibu.

Naomba pia watu waache kukandwa mgongo uliopasuliwa na watu wa kupiga magoti juu yake. Nimepokea mgonjwa aliyekandwa kwa nguvu wiki ya tano baada ya upasuaji, na sipendi kueleza nilichokiona.

Mwalimu wa Ujiji

Nashukuru sana, mtaalamu. Habari ya mwendo nilifundishwa kwa namna hiyohiyo, nami nilitumia nguzo za umeme. Kutoka nyumbani kwangu nilianza na nguzo sita kwenda na sita kurudi, na nilijikataza ya saba hata siku niliyojisikia malaika. Niliandika kwenye daftari la mraba: tarehe, nguzo, saa za usingizi, na namba ya maumivu. Baada ya miezi minne niliona jambo ambalo nisingeliona kwa kumbukumbu tu, kwamba namba ya maumivu ilikuwa haijasogea sana lakini nguzo zilikuwa zimefika 22. Tangu hapo niliacha kuandika namba ya maumivu kila siku, nikabakiza nguzo na usingizi. Kumsikiliza adui saa 24 ni kumlisha.

Sasa nyumbani, ambako ndiko ninakopigana zaidi kuliko hospitalini. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na hiyo sibebi tena. Tunatumia madumu ya lita tano, moja kila mkono, na safari zinaongezeka. Jiko la mkaa nililipandisha juu ya matofali hadi usawa wa nyonga, kwa sababu kusonga ugali huku nimeinama na kupinda kiuno ndiko kulikokuwa kunaamsha shoti. Beseni la kufulia liko juu ya meza. Mume wangu alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu kwa ajili ya choo chetu cha kuchuchumaa, na nasema bila haya kwamba hakuna zawadi iliyonigusa kama hiyo. Awali alikuwa akidhani nakwepa kazi. Alibadilika siku daktari alipomwita ndani na kumwonyesha ile pamba.

Mama mmoja ameniandikia faraghani kuhusu ndoa, na nimjibu hapa bila kumtaja kwa kuwa ni wengi wanaoumia kimya. Si aibu kumwambia mwenzako mlale ubavu, mto katikati ya magoti, na kwamba usiku fulani hapana. Jambo linaloua ndoa ni mume kudhani amekataliwa yeye, wakati kinachokataa ni neva.

Mguu wenye ganzi unahitaji macho yako, kwa sababu wenyewe hauna. Nakagua nyayo kila jioni. Nimeacha kandambili, kwani mara mbili ilinivuka mguuni nikaendelea kutembea hadi mtoto aliponiita, "Mwalimu, kiatu chako kile nyuma." Maji ya kukanda nayapima kwa kiwiko, si kwa mguu, jirani yangu aliungua malengelenge akiamini maji ni ya vuguvugu. Wanaosema upake pilipili wamesikia kitu cha kweli nusu: kiini cha pilipili kimo katika plasta maalumu ya kitabibu kwa kiwango cha asilimia 8, inayobandikwa na watu waliofundishwa. Pilipili kichaa iliyotwangwa na kupakwa juu ya ngozi yenye ganzi italeta jeraha usilolisikia. Mawese ya kuchulia hayadhuru, mradi mkono uwe mwepesi.

Dereva wa Nyakanazi

Mwalimu, ni dalili zipi ambazo nikiziona nisisubiri? Barabarani niko mbali na hospitali.

Mwalimu wa Ujiji

Hili nilitaka niliweke peke yake. Ukianza kukosa hisia sehemu za siri na pale panapogusa tandiko la baiskeli, au ukashindwa kutoa mkojo, au mkojo na choo vikakutoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Neva za chini zinabanwa zote kwa pamoja, na zikichelewa kutibiwa zinaweza zisirudi. Geuza lori uende hospitali iliyo karibu. Ukiwa huku kwetu, Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo wanaweza kukupeleka kwa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Homa, kidonda kinachotoa majimaji, au maumivu ya mgongo yanayozidi kila siku wiki chache baada ya upasuaji yanaweza kuwa maambukizi ndani ya diski. Unyayo ukianza kuburura ghafla, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Na mwenye jasho la usiku, kukonda na maumivu ya mgongo apimwe kifua kikuu, kwa sababu kinapiga pingili pia.

Msomaji wa Ujiji

Mwalimu, mama yangu alipasuliwa na anaumia sana akisujudu, lakini hataki kuswali kwenye kiti kwa kuona ni upungufu. Nimsemeshe vipi?

Mwalimu wa Ujiji

Mwanangu, mimi mwenyewe naswali nimekaa tangu 2021. Ruhusa ya mgonjwa kuswali amekaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu, ni jambo linalojulikana na kila sheikh hapa Ujiji, kwa hiyo usimsemeshe wewe. Mwombe imamu wa msikiti wenu amtembelee amwambie. Neno lake litapokewa mahali ambapo lako na langu hayatapokewa. Na mchagulie kiti kigumu chenye kimo kinachoacha nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, si kochi la kuzama.

Mama Wawili, Gungu

Dada, mrejesho. Wifi ameivuta pamba. Hakusema kitu, ila jioni alikuja akachota maji yote. Dawa nimeanza juzi.

Dereva wa Nyakanazi

Nami natoa mrejesho baada ya wiki tano. Nilimwomba daktari anipime kwa pamba na kijiti, nikapata sita katika kumi. Picha imeonyesha kovu bila diski mpya, nguvu za mguu ziko sawa, kwa hiyo daktari bingwa amesema hakuna cha kupasua kwa sasa. Nimepewa amitriptilini miligramu 10 na nimepelekwa mazoezi tiba. Bosi amenikubalia nikae ofisini mwezi mzima nikipokea mizigo. Shida ni moja, nameza saa tano usiku ninapolala, na saa moja asubuhi kichwa kinakuwa kama kimejaa pamba.

Mwalimu wa Ujiji

Mdogo wangu, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mwombe daktari ruhusa ya kuihamisha dozi ije saa mbili usiku, mara baada ya kula, ili uzito wake uishe kabla ya alfajiri. Mimi nilifanya hivyo na wiki ileile asubuhi zikawa nyepesi. Usukani usiushike hadi upite siku kadhaa mfululizo ukiamka mweupe kichwani, na kila dozi inapopandishwa anza kuhesabu upya. Nunua na daftari la mraba.